Namba ya Dirishani

Sehemu ya Tisa

Simu bado inaning'inia, msomaji wangu. Wiki nzima nimekuacha nayo pale msumarini, ikitetemeka kwenye kamba yake, na baadhi yenu mmeniandikia barua za ukali kana kwamba mimi ndiye niliyeipigia. Basi tusipoteze muda.

Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Kioo cha ile simu kiliwaka, na Makabati, mtunza kumbukumbu wa ofisi ya wapima ardhi, akasoma: "Namba yako ya kuthibitisha ni..." Zikafuata tarakimu sita. Ujumbe ulikuwa wa kawaida kabisa. Lililokosekana ni mtu aliyeuomba.

Wewe unayeanza kusoma leo, sogea nikuambie mara moja tu. Ramani zote za viwanja zimo kwenye kompyuta za ofisi hiyo. Anayetaka kuzifungua, hata kutoka kompyuta ya nje ya ofisi, huandika neno lake la siri, kisha mashine humdai namba inayotumwa kwa meseji. Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi humwita Mzee Risiti akiwa hasikii, alikataa kumnunulia kila mtu laini. Ikanunuliwa laini moja, ikatiwa kwenye simu moja, na kwa kuwa mtandao hushika dirishani tu, simu ikafungwa kamba ikatundikwa msumarini. Ukitaka namba unapaza sauti hapohapo ulipokaa: "Namba!" Aliye karibu na dirisha anaisoma kwa sauti, wewe unaandika. Miaka mitatu wameishi hivyo, na Mzee Risiti huwatambia wageni kuwa hakuna ofisi yenye ulinzi wa bei nafuu kuliko yake.

Makabati aliigeuza simu ikatazama ukuta.

"Nani anafungua?" aliuliza.

Penseli, mchora ramani, alikuwa dirishani akichonga penseli zake na kupuliza unga nje, vifaa vya kusikilizia muziki kimoja kikiwa sikioni na kingine kikining'inia kifuani. Makabati alipomgusa bega, alisema kompyuta yake hata hajaiwasha. Mzee Risiti alikuwa kwenye kachumba chake, mlango wazi, akigombana kwa simu ya mezani na mtu wa wino.

Siku nyingine Makabati angedhani ni hitilafu ya mtandao, angerudi kwenye mafaili yake. Lakini leo saa nane mchana baraza la ardhi lilikuwa linakaa kuamua mpaka kati ya karakana ya baba yake na ghala la jirani. Baba yake ni seremala. Katika karakana hiyo aliwalea mabinti wawili, akawasomesha, akamzika mama yao. Mwenye ghala anadai nusu ya karakana imekaa kwenye kiwanja chake, na baraza limesema litafuata ramani ya ofisi hii, si maneno ya mtu.

Mzee Risiti alikuwa amemwonya mapema. "Faili la baba yako usiliguse hata kwa kidole. Siku ukiligusa, siku hiyohiyo unaondoka na mfuko wako." Makabati hakuligusa. Hata kumuuliza Penseli mpaka umeangukia wapi hakumuuliza, ingawa ulimi ulimwasha miezi miwili.

Simu ikatetemeka tena. Namba nyingine. Haijapita dakika, ya tatu.

Wazo lilimjia moja tu: mwenye ghala amenunua neno la siri la mtu, na sasa anabisha mlango. Akageuka kumkimbilia Mzee Risiti. Hajafika hata kwenye meza ya ramani, akasikia nyuma yake ule wito ambao wote pale wanaujua hata usingizini.

"Namba!"

Na Penseli, mtu mwenye watoto wanne na mvi mbili tatu, aliinua mkono, akaigeuza simu, akasoma kwa sauti yake ile ya kutangaza: "Nane, moja, moja, sita, tisa, nne."

Makabati alisimama kama aliyepigiliwa sakafuni. Kwenye kachumba, Mzee Risiti alikuwa bado anagombana na mtu wa wino.

"Umemsomea nani?"

Penseli alimtazama, akaitazama simu, akakitazama kile kifaa sikioni mwake kana kwamba ndicho chenye makosa. Alisema alidhani ni Mzee. Kisha alisema alidhani ni yeye Makabati. Mwisho alikiri kwamba hakudhani chochote. Alisikia namba ikiombwa, akasoma, kama anavyofanya mara ishirini kwa siku. Ilikuwa sauti ya mwanamume au ya mwanamke, hakujua. Ilitoka upande gani, hakujua.

Makabati alitoka mbio hadi ukumbini.

Kwenye benchi la wageni walikaa watu wawili, kila mmoja na kompyuta ya mapajani mbele yake, wazi.

Wa kwanza alikuwa Shemeji. Ndivyo ofisi nzima inavyomwita, kwa sababu miezi miwili ijayo anamwoa mdogo wake Makabati. Viatu vyake hung'aa hata siku ya tope, na ndiye wakala wa kampuni inayotuma zile namba za meseji. Wa pili alikuwa Bwana Funguo, mtu wa shati moja na maneno machache, anayeuza vifunguo vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta. Mwezi uliopita Mzee Risiti alimfukuza na bei zake, naye akasema mbele ya watu wote kwamba ofisi hii itaingiliwa kabla mwezi haujaisha. Leo waliitwa wote wawili, saa tatu kamili, ili Mzee alinganishe huduma zao na kuchagua moja.

"Nani kati yenu ameita namba?" Makabati aliuliza.

Walitazamana. Shemeji alicheka, akasema yeye ndiye anayeuza namba, aombe ya nini. Bwana Funguo alisema amesikia mtu akiita, akajua ni mambo yao ya ndani. Kisha akaongeza, polepole, kwamba amesikia na jibu, na kwamba angekuwa mwizi angeshukuru.

Makabati alipiga moyo konde. Akimwambia Mzee sasa, mmoja wa hawa wawili atafunga kompyuta yake na kushuka ngazi. Aliwakaribisha ndani, akawakalisha kwenye meza kubwa ya kuchorea iliyo karibu na dirisha, kila mtu mikono juu ya meza mbele ya bilauri ya maji. Akamnong'oneza Penseli aingie kwenye faili la baba yake aone kilichotokea. Penseli alinakili namba yake kwenye karatasi bila kufungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu namba kusomwa kimya katika ofisi ile.

Mzee Risiti alikuja akiwa na daftari lake na kalamu nyekundu. Hakujua lolote. Alimtaka Makabati aanze, kwani ripoti ya kulinganisha huduma ni ya kwake.

Makabati alisoma bila kuona anachosoma. Alisema njia za kumthibitisha anayeingia ziko tatu. Ya kwanza ni meseji, hii waliyo nayo. Kila meseji inalipiwa, kidogo kidogo, na haihitaji kununua kifaa chochote. Ya pili ni programu ya kwenye simu, inayojitengenezea namba yenyewe kila nusu dakika hata mahali pasipo na mtandao, na haina malipo. Ya tatu ni vifunguo vya Bwana Funguo, ambavyo hununuliwa mara moja.

"Hiyo ya bure ina kasoro gani?" Mzee Risiti alidakia, macho yakimwaka.

Makabati alisema kila mtu lazima awe na simu ya kisasa, na Penseli ana simu ya vitufe iliyofungwa mpira. Tena simu ikipotea au ikianguka kwenye ndoo ya maji, mwenyewe anabaki nje ya mlango, isipokuwa kama alitunza zile namba za akiba kwenye karatasi. Mzee aliuliza karatasi hiyo inatunzwa wapi. Bwana Funguo alisema hilo ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa tangu aingie.

Shemeji alichukua nafasi yake. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema meseji haichagui simu, haichagui umri, hata bibi kizee anaipokea. Gharama ya mwezi ni sawa na chai ya ofisi. Na ofisi hii imeizoea, watu hawatafundishwa kitu kipya. Aliongeza kwa utani kwamba hata mdogo wake Makabati, akija hapa wakati wa chakula, hujua kuisoma. "Nimemwona hapo chini asubuhi hii, amejifunga kile kitambaa chako cha manjano. Nimemsalimu, hata hakuitika vizuri. Naona harusi inamchanganya."

Makabati hakucheka. Alikuwa anakitafuta kitambaa hicho tangu alfajiri, lakini leo hakuwa na nafasi ya kugombana na mtu kwa kitambaa. Alikuwa anaitazama mikono ya wale watu wawili. Ya Shemeji ilirukaruka hewani. Ya Bwana Funguo ilitulia kwenye bilauri.

"Meseji ina matundu," alisema Bwana Funguo zamu yake ilipofika. Alisema mtu anaweza kwenda dukani na kitambulisho cha uongo, akapewa laini yako, na namba zako zikaanza kuingia kwake. Mtandao ukikatika, kazi inasimama. Kisha akatoa mfukoni vifunguo viwili vidogo, akaviweka juu ya ramani. Kila mfanyakazi wake viwili, alisema, kimoja cha kutembea nacho na kimoja cha kufungia kabatini, iwapo cha kwanza kitapotea.

"Mtu mmoja, funguo mbili?" Mzee Risiti aliuliza. "Kwani ana milango miwili?"

Bwana Funguo alitaja bei. Kalamu nyekundu ilianguka kutoka mkononi mwa Mzee ikaviringika hadi ukingoni mwa meza. Shemeji aliidaka kwa adabu na kumrudishia, akasema kwa bei hiyo wangepata meseji za miaka minne. Bwana Funguo hakubisha hesabu hiyo. Alikubali pia kwamba ukikisahau kifunguo nyumbani, siku yako imeharibika, na kwamba kompyuta mbili za ofisi hii matundu yake yamelegea, kifunguo hakitashika hadi zitengenezwe. Makabati alishangaa muuzaji kusema ubaya wa bidhaa yake.

"Ila ufunguo una jambo moja," alimaliza. "Hausomwi kwa sauti."

Penseli alirudi wakati huo. Alipita nyuma ya kiti cha Makabati, akadondosha karatasi mapajani mwake kama mtoto wa shule anayepitisha jibu. Makabati aliikunjua chini ya meza.

"Limefunguliwa kwa jina lako. Mpaka umesogezwa mita nne. Bado hajaidhinisha."

Kwa jina lake. Maana yake neno la siri lililotumika ni la kwake, ambalo hakumwambia mtu yeyote duniani, wala mdogo wake, wala Penseli. Mzee akiona jina hilo kwenye faili la baba yake, hakuna maelezo yatakayomwokoa.

Alisingizia kwenda kuongeza maji. Penseli alimfuata hadi kwenye mtungi wa maji wenye bomba.

"Umesogezwa kumla baba?" alinong'ona.

"Hapana," Penseli alisema. "Ndicho kinachonishangaza. Umesogezwa kumpa. Karakana yote sasa iko ndani."

Makabati alisahau kufunga bomba. Asubuhi nzima alikuwa akimtafuta adui wa baba yake. Na huyu aliyeingia ni rafiki.

"Na mpaka wa kweli uko wapi?"

Penseli aliangalia chini. Alisema ilikuwa vigumu kwake kufanya naye kazi miezi miwili bila kumwambia. Mpaka wa kweli unapita katikati ya benchi la randa la mzee wake. Alipima mwenyewe, mara tatu, kwa sababu hakutaka iwe hivyo. "Na mzee wako ndiye aliyenishikia ncha ya futi. Aliona ilipoangukia. Akanirudishia futi yangu."

Sina haja ya kukueleza, msomaji, jinsi moyo wa binti unavyovunjika mbele ya mtungi wa maji. Karakana ilikuwa imekwisha. Ilikwisha miezi miwili iliyopita, na baba aliendelea kula chakula cha jioni na kuulizia habari za kazini kama hakuna kitu.

Penseli alimvuta mkono. Alimkumbusha kwamba aliyeingia amechora tu. Ili mstari ukae, lazima auidhinishe, na mashine humtaka namba nyingine ya kuidhinisha. Asipoipata, ramani inarudi ilivyokuwa. Akiipata, ramani ya uongo ndiyo itakayochapwa saa sita na kupelekwa barazani, ikiwa na jina la Makabati chini yake.

"Basi ataomba," alisema Makabati.

Alirudi mezani akakaa kiti kilicho karibu kabisa na dirisha. Bwana Funguo alikuwa anamuuliza Mzee Risiti maneno ya siri ya wafanyakazi yanatunzwa wapi. Mzee alijibu kwa fahari kwamba yanatunzwa vichwani. Masikio ya Makabati yaliwaka. La kwake halikuwa kichwani. Aliliandika kwa herufi ndogo upande wa ndani wa mlango wa kabati la tatu, siku mashine ilipowalazimisha wote wabadilishe, naye akaogopa kulisahau. Kabati hilo hakuna anayelifungua ila yeye. Alijaribu kukumbuka ni nani mwingine aliyewahi kusimama mbele ya mlango ule. Alimkumbuka mmoja, aliyekuja wiki mbili zilizopita kubadilisha bawaba zilizolegea, akakataa malipo kwa sababu ofisi ni ya mwanawe, na Mzee Risiti akamdai risiti hata hivyo.

Aliifukuza fikra hiyo upesi, kama unavyomfukuza nzi kwenye uso wa mtoto.

Simu ikawaka.

"Namba ya kuidhinisha mabadiliko ni..." Tarakimu sita. Zitakufa baada ya dakika tano. Makabati aliwatazama wageni wake. Mikono minne ilikuwa juu ya meza, na kompyuta zote mbili zilikuwa zimefungwa. Hakuwa Shemeji. Hakuwa Bwana Funguo. Alikuwa amewalinda watu wasio na hatia tangu saa tatu.

"Namba!"

Safari hii aliisikia vizuri. Haikutoka ukumbini. Ilitoka nje, chini ya dirisha, sauti nzito ya mtu anayejaribu kuibadilisha.

Penseli aliziba mdomo wake kwa mkono, asije akasoma tena. Shemeji alitabasamu bila kuelewa. Bwana Funguo aliinua macho akamtazama Makabati.

Makabati aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akasoma kwa sauti, wazi, tarakimu nne zilizo sahihi na mbili za mwisho za uongo. Halafu akasimama na kuchungulia nje.

Ofisi iko ghorofa ya kwanza, na kichochoro cha chini ni chembamba kiasi kwamba ukitupa karatasi inaangukia mlango wa pili. Ng'ambo kuna duka la kuchapa na kutoa nakala. Ndani yake, kwenye kompyuta ya mlangoni, mtu alikuwa ameinamia vitufe, na kichwani amejifunga kitambaa cha manjano.

Chini kabisa ya dirisha alisimama mzee mwenye koti lenye vumbi la mbao. Alikuwa anaandika kwenye kiganja chake, kwa penseli ile bapa ya useremala, polepole, tarakimu baada ya tarakimu, kwa mkono ambao maisha yake yote haujawahi kukosea kipimo. Alimwonyesha kiganja yule wa dukani. Yule aliandika, akasubiri, akatikisa kichwa.

Yule mzee wa kichochoroni akainua uso. Macho yao yakakutana.

Hakukimbia. Hakuficha mkono. Alivua kofia yake, kama avuavyo anapoingia nyumbani jioni, na aliposema hakuibadilisha tena sauti.

"Rudia, mwanangu. Hiyo imekataa."

Nyuma ya Makabati, kiti cha Mzee Risiti kilisukumwa, na hatua zake zikaanza kuja dirishani, akiuliza ni nani huyo anayeomba namba akiwa nje. Kwenye simu, namba ya kweli ilikuwa imebakiza dakika tatu.